Majina ya Mahali Katika Nchi ya Singida, na Namna ya Kuyachunguza

Msafiri atokaye Manyoni kwenda kaskazini hupita Ikungi, hufika Singida penye maziwa yake mawili ya chumvi, Singidani na Kindai, kisha huendelea mpaka Iramba na kushuka mteremko wa Sekenke hata mbuga ya Wembere. Katika safari hiyo husikia majina mamoja mamoja kila baada ya mwendo mfupi: jina la kilima, jina la mto usio na maji wakati wa kiangazi, jina la mti uliokwisha kuanguka zamani. Wenyeji huyatamka kila siku, lakini ukiuliza, “Kwa nini mahali hapa paliitwa hivi?” kijana atakuambia, “Muulize babu.” Na babu akiwa amekwisha kufariki, hakuna wa kuulizwa.

Hiyo ndiyo sababu ya mazungumzo haya. Jina la mahali ni kama hati iliyoandikwa hewani. Halina karatasi wala muhuri, bali hudumu kwa kutamkwa. Maneno yake yaweza kubaki na maana yake ikapotea. Na maana ikipotea, watu huitungia nyingine, na ile ya uongo hukaa mahali pa ile ya kweli. Basi tutazame namna jina linavyozaliwa, namna linavyoharibika, na namna mtu mwenye elimu ya kawaida awezavyo kulichunguza kwa haki.

Jina la mpita njia na jina la mwenyeji

Zamani za misafara, kati ya Ugogo na Unyanyembe palikuwa na pori kubwa ambalo leo limo katika nchi ya Manyoni na Itigi. Watu wa pwani na wapagazi waliliita Mgunda Mkali. Mgunda maana yake ni shamba, na ukali wake ulikuwa kiu, njaa na msitu wa miti iliyosongamana. Wazungu Burton na Speke walilipita mwaka 1857, wakafika Kaze, karibu na Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba mwaka ule. Stanley naye alilipita mwaka 1871 alipokwenda kumtafuta Livingstone. Wote waliliandika jina hilo vitabuni, kwa kuwa lilikuwa kinywani mwa kila mpagazi.

Humo njiani mlikuwa na vituo vyenye majina ya Kiswahili kitupu: Jiwe la Mkoa, na Mgongo Tembo, mgongo mrefu wa mwamba utokezao juu ya msitu kama mgongo wa tembo. Majina hayo yatufundisha nini? Yatufundisha kwamba aliyeyatoa alikuwa mtu wa njia. Alitaja alama alizoziona kwa mbali, ili mwenziwe ajaye nyuma asipotee.

Lakini je, pori lile lilikuwa halina wenyewe? La. Lilikuwa nchi ya Wakimbu, watu waliojua kurina asali na kuwinda, waliofyeka msitu wakajenga vijiji vyao. Kwao nchi ile haikuwa kali, ilikuwa nyumbani. Waliiita Ukimbu. Basi nchi moja ilikuwa na majina mawili: moja la mtu aliyepita akiwa na kiu, na moja la mtu aliyezaliwa pale. Siku hizi jina la Mgunda Mkali halimo tena katika ramani za kawaida. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, msafara wa miguu ulikoma, na jina la msafara likafa pamoja nao.

Kutokana na habari hiyo twapata kanuni ya kwanza ya kazi hii: kabla ya kuuliza jina lina maana gani, uliza ni nani aliyelitoa.

Majina ambayo watu walipewa na jirani zao

Kanuni hiyo yafaa kwa majina ya watu pia. Wale tunaowaita Wanyaturu wao wenyewe hujiita Arimi, na lugha yao ni Kirimi. Katika maandiko ya Wadachi twaona jina hilo hilo limeandikwa Walimi, kwa kuwa sikio la mgeni halikupambanua r na l. Afisa mmoja wa Kidachi, Eberhard von Sick, alichapisha habari zao mwaka 1915, akaweka majina yote mawili pamoja.

Kaskazini, katika nchi ya Mkalama, wako watu wanaoandikwa Wanyisanzu, na nchi yao Isanzu. Wenyewe husema Ihanzu, kwa h. Husimulia kwamba wazee wao walitoka kisiwa cha Ukerewe katika Ziwa Viktoria. Mtafutaji akitaka kuzilinganisha habari zao na za Ukerewe, lazima aanze na jina wanalolitamka wenyewe, si lile aliloliona katika bango la barabarani.

Mfano mwingine ni mzito zaidi. Wafugaji wanaojiita Wadatoga, ambao Wabarbaig ni sehemu yao, huitwa na watu wengi Wamang'ati. Neno hilo ni la Kimasai, na maana yake ni maadui. Basi jina lililotolewa vitani na adui limekuwa jina la kawaida, hata watoto wasiojua habari za vita hulitamka bila ubaya wowote. Mtu aliyejua asili yake ataona kwamba kuchunguza majina si mchezo wa wazee wasio na kazi. Ni kujua unamwitaje jirani yako.

Mahali zinapokutana lugha nyingi

Nchi ya Singida ni njia panda ya lugha. Kinyaturu, Kinyiramba, Kinyisanzu, Kikimbu na Kigogo ni lugha za Kibantu, ndugu za Kiswahili. Kidatoga si ya ukoo huo. Ni ya ukoo wa lugha za watu wa Naili. Kiiraqw, kinachosemwa upande wa Mbulu, ni cha ukoo wa Kikushi. Na karibu na mto Sibiti, unaotoka Ziwa Kitangiri kwenda Ziwa Eyasi, wako Wahadzabe, ambao lugha yao ina sauti za kudodosa ulimi wala haijaonekana kuwa na ndugu wa hakika. Upande wa Kondoa na Chemba wako Wasandawe, nao wana sauti kama hizo.

Kwa hiyo kilima kilichomo katikati ya Unyaturu chaweza kuwa na jina la Kidatoga, kwa kuwa wafugaji walikuwa pale mbele, au walipanywesha ng'ombe kila mwaka. Ukilivunja jina hilo kwa Kinyaturu hutapata kitu, au utapata hadithi ya kubuni. Mambo haya si ya Afrika peke yake. Huko Uingereza miji mingi ina jina linaloishia na -chester, kama Manchester. Mwisho huo umetokana na neno la Kilatini lililokuwa na maana ya kambi ya askari. Warumi walikwisha kuondoka zamani sana, lakini boma lao limebaki katika jina. Waingereza walianzisha chama cha kuchunguza majina hayo mwaka 1923, wala hawajaimaliza kazi.

Yako majina ambayo umbo lake hujieleza. Katika Unyaturu twaona Unyambwa, Unyamikumbi, Unyahati, na mengine yaanzayo vivyo hivyo. Mwanzo wa U- hutaja nchi, na -nya- huwataja wenye kitu au wenye ukoo fulani, kama katika Unyamwezi na Unyanyembe. Basi jina la namna hii humwelekeza mtafutaji kwenye swali la ukoo: ni watu gani walioketi hapa kwanza, na wajukuu wao wako wapi sasa?

Mitego ya sikio

Hapa yafaa tuonye. Kosa lililo kubwa kuliko yote ni kulisikia jina kwa sikio la Kiswahili tu. Katika mji wa Singida iko kata iitwayo Mungumaji. Msikiaji asiyejua Kinyaturu hugawanya jina mara moja: Mungu, maji, kisha hutunga hadithi ya mungu wa maji. Katika Ikungi pana mahali paitwapo Puma. Mwanafunzi aliyesoma habari za wanyama aweza kudhani limetokana na yule mnyama wa jamii ya paka. Lakini mnyama huyo hukaa Amerika, wala hajapata kuishi mwituni katika nchi zetu. Manyoni nalo lafanana na nyoni, neno ambalo katika lugha kadha za Kibantu lina maana ya ndege, kama nyuni la Kiswahili cha zamani. Kufanana huko kwaweza kuwa kweli, na kwaweza kuwa bahati tu. Kufanana ni mlango wa kubishia hodi, si nyumba.

Mtego wa pili ni wa maandishi. Kinyaturu kina vokali saba, na Kiswahili kina tano. Karani aliyeandika majina kwa herufi tano alilazimika kuunganisha sauti zilizo mbalimbali, na hivyo maneno mawili yenye maana mbili yaweza kuandikwa sawasawa. Tena sauti hupanda na kushuka, na huo mpando haukuandikwa kabisa. Kwa sababu hiyo mtafutaji asiridhike na ramani. Na amsikie mzee akilitamka jina mara tatu, na ikiwezekana ainase sauti yake katika simu, kwa maana siku hizi chombo hicho kimo mfukoni mwa watu wengi.

Kazi inayomfaa mwalimu aliyestaafu

Ni nani wa kuifanya kazi hii? Wageni wameifanya sehemu yake, nasi twawashukuru. Lakini aliye tayari zaidi ni mwalimu aliyestaafu aliyerudi kijijini kwake. Anajua kuandika kwa utaratibu. Anajua lugha ya nyumbani na Kiswahili. Wanafunzi wake wa zamani wametapakaa kila kijiji, na wazee humpokea kwa sababu aliwafundisha watoto wao. Zaidi ya hayo, anao wakati.

Mfano wa mwalimu aliyeandika habari za kwao tunao jirani. Mathias Mnyampala, Mgogo aliyezaliwa mwaka 1917, alifundisha shule kabla ya kuingia kazi ya serikali. Alikusanya habari za watu wake, na mwaka 1954 kitabu chake, Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika, kikachapishwa. Mwaka 1995 kikatolewa kwa Kiingereza, na wataalamu wa mbali wakakisoma. Hakungoja mgeni aje amwandikie.

Hata hivyo mwalimu ana jambo moja la kujifunza upya. Darasani amezoea kuuliza swali ambalo jibu lake analo. Katika kazi hii lazima aulize swali ambalo jibu lake hana, tena anyamaze. Akimwendea mzee na kusema, “Shikamoo, babu. Je, si kweli kwamba jina hili lina maana ya mungu wa maji?” mzee, kwa heshima ya mgeni, atajibu, “Ndiyo, mwalimu.” Jibu hilo ni la adabu, si la historia. Afadhali aulize hivi: “Babu, watu wa kwanza kukaa hapa walikuwa nani? Walikuta nini? Kabla ya jina hili palikuwa na jina jingine? Wewe ulilisikia kwa nani?”

Tena asiulize wanaume peke yao. Akina mama huyajua majina ya visima, ya mashamba na ya mahali pa kuni; wachungaji huyajua ya malisho na mapango; warina asali huyajua ya msituni. Kila kazi ina ramani yake.

Daftari lake na liwe na safu hizi: jina kama linavyotamkwa; jina kama linavyoandikwa na serikali; msemaji ni nani, wa ukoo gani, na alilisikia kwa nani; maana aliyoitoa; maana waliyoitoa wengine; na kitu kilichopo pale, kama jiwe, mti, kisima au makaburi. Mwisho aandike tarehe. Wazee wawili wakitofautiana, aandike maneno ya wote wawili. Si kazi yake kuwapatanisha, maana mara nyingi tofauti yao yenyewe ndiyo habari: huyu ni wa ukoo uliokuja kwanza, na yule ni wa ukoo uliokuja baadaye.

Kuweka miaka

Watu watasema, “Mzee hajui mwaka.” Ni kweli kwamba hajui hesabu ya kalenda, lakini anajua matukio, nayo yana miaka yake. Ugonjwa wa sotoka uliua ng'ombe wengi katika Afrika ya Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890. Vita ya kwanza ya dunia ilianza mwaka 1914. Njaa kuu ya Ugogo, ambayo Wagogo waliiita Mtunya, ilikuwa kati ya mwaka 1917 na 1920. Dhahabu ya Sekenke ilitumiwa na Wadachi mwaka 1916 kutengeneza sarafu zenye picha ya tembo huko Tabora, walipokuwa wamezingirwa na vita. Mzee akisema, “Babu yangu alihamia hapa mwaka uliofuata Mtunya,” mwalimu aweza kuandika: yapata mwaka 1921. Hivyo maneno ya kinywa na maandishi ya vitabu hushikana mikono.

Maandishi yapo pia. Maafisa wa serikali ya Kiingereza waliweka kitabu cha kila wilaya, wakaandika humo habari za makabila, watemi na mipaka. Jarida la Tanganyika Notes and Records lilianza mwaka 1936, na baada ya uhuru likabadilishwa jina likaitwa Tanzania Notes and Records. Yasomwe yote, lakini kwa tahadhari: mengi yaliandikwa kwa kupitia mkalimani, na mara nyingi aliyeulizwa ni mtemi na jamaa zake, si mtu wa kawaida.

Jina lililorudi

Mfano mmoja waonyesha jinsi jina liwezavyo kuokoka. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wanyaturu waliwapinga Wadachi, na katika upinzani huo alijulikana mwanamke jina lake Liti. Wazee husimulia kwamba alikuwa na uwezo wa kuwaamrisha nyuki wakawashambulia askari, na kwamba mwisho aliuawa. Kwa miaka mingi habari zake zilikuwa katika vinywa vya watu tu. Mwaka 1969 Marguerite Jellicoe alichapisha makala juu ya upinzani wa Wanyaturu katika jarida lile tulilolitaja. Na katika siku zetu uwanja wa mpira wa mjini Singida, uliokuwa ukiitwa Namfua, umepewa jina la Liti.

Wengine huandika Leti na wengine Liti. Tofauti ya namna hiyo ndiyo inayotazamiwa pale sauti saba zinapoandikwa kwa herufi tano. Lakini jambo kuu ni hili: kama wazee wasingalisimulia, na kama pasingalikuwa na aliyeandika, leo kusingalikuwa na jina la kuwekwa juu ya lango. Na je, maelfu wanaokwenda kutazama mpira pale wanajua habari zake? Jina limerudi, maana yake bado yahitaji mwalimu.

Kwa nini tuharakishe

Kati ya mwaka 1973 na 1976 watu wengi wa vijijini walihamishwa kutoka makao yao ya zamani wakakusanywa katika vijiji vipya. Pamoja na faida na taabu za kuhama huko, majina mengi yaliachwa porini: ya mahame, ya mashamba ya ukoo, ya miti ya matambiko. Mtu aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1974 sasa amekwisha kupita miaka 70. Yeye ndiye wa mwisho kukumbuka mahali nyumba ya babu yake ilipokuwa na jinsi palivyoitwa.

Jambo hili lina uzito hata katika mashauri ya ardhi. Watu wawili wakigombania bonde, jina la bonde laweza kuonyesha nani alilima pale kwanza. Kwa sababu hiyo hiyo mtafutaji lazima awe mwaminifu. Asiandike maana impendezayo au iufaao ukoo wake. Asiingie mahali pa matambiko bila ruhusa, wala asifukue makaburi. Na habari zikiisha kuandikwa, azirudishe: nakala moja shuleni, moja katika ofisi ya kijiji, na nyingine apelekewe mzee aliyezisema, asomewe mbele ya wajukuu wake, ili asahihishe.

Wanafunzi nao wana sehemu yao. Kila mmoja na aulize nyumbani kwao majina matano tu: ya kilima, ya kisima, ya mto, ya shamba na ya njia. Darasa la watoto arobaini litaleta majina mia mbili kwa juma moja, na mwalimu mzee atakuwa na kazi ya mwaka mzima ya kuyapima. Hakuna fedha nyingi zinazohitajiwa, ila daftari, kalamu, miguu, na adabu ya kusikiliza.